Barua ya wazi: Fundi wa usingizi na mgonjwa wa CPAP wakae meza moja

Kwa Waziri wa Afya, waganga wakuu wa mikoa, wakurugenzi wa hospitali za rufaa na viongozi wa mifuko ya bima ya afya Tanzania.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa pamoja, mafundi sanifu tunaopima usingizi na kupanga mashine za CPAP, zinazosukuma hewa kupitia maski ili koo lisijifunge usingizini, na watu tunaolala na mashine hizo usoni kila usiku. Ombi letu halihitaji jengo jipya. Kila kliniki inayotoa CPAP itenge mchana mmoja kwa mwezi ambapo fundi na wagonjwa wanakaa meza moja, mashine zikiwa zimewashwa na ripoti zikiwa wazi, wafundishane. Saa hizo ziandikwe kwenye ratiba ya kazi na zilipiwe na bima, zisiachwe kuwa hisani ya fundi mwenye moyo.

Utaratibu uliozoeleka sasa ni huu. Mtu anayekoroma na kukatika pumzi usingizini anapimwa na kupewa namba ya AHI, yaani pumzi yake inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Mkatiko unahesabiwa ukifika sekunde 10. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 tatizo ni jepesi, 15 hadi chini ya 30 ni la wastani, 30 na kuendelea ni kali. Anapewa mashine au anaambiwa akanunue, anaonyeshwa kitufe cha kuwashia, anapangiwa kurudi baada ya miezi kadhaa. Mara nyingi siku ya kurudi ikifika mashine imeshawekwa juu ya kabati, na kwenye faili panaandikwa kwamba mgonjwa hakufuata matibabu. Hatukubaliani na maandishi hayo. Anayeacha CPAP kwa kawaida huiacha katika wiki za mwanzo, kwa sababu ambayo ingetatuliwa kwa dakika 20 na mtu anayeifahamu.

Chukueni mpangilio wa msukumo wa hewa. Mashine inayojirekebisha yenyewe hutoka kiwandani ikiwa na wigo wa sentimita 4 hadi 20 za maji, ambacho ndicho kipimo cha msukumo, na nyingi hukabidhiwa hivyo hivyo. Mtu mzima mwenye kifua kipana akivaa maski kwa sentimita 4 huhisi hewa haimtoshi, hushikwa na hofu, akavua kabla ya dakika 10 kwisha. Yeye anadhani mashine inamnyonga, kumbe inampa hewa kidogo. Dawa yake ni kupandisha kianzio hadi 6 au 7, au kufupisha muda wa kupanda polepole, ambao katika mashine nyingi unaweza kupangwa kuanzia dakika 5 hadi 45. Baada ya wiki moja, ripoti ikionyesha kwamba kwa asilimia 95 ya muda msukumo haukuzidi 11, fundi anaweza kupandisha kima cha chini hadi 8 au 9 ili mashine isichelewe kila mara koo linapojifunga. Lakini hilo hatalijua kama mgonjwa hamwambii, "Ninavua kabla sijalala." Kadi ya kumbukumbu itamwonyesha dakika 9 za matumizi tu. Haitamwambia kwa nini.

Kuna mambo ya maski ambayo wenye kuyajua kwa undani ni wagonjwa, na mafundi tuyapokee kwa heshima. Maski nyingi na vielelezo vyake vya mikanda vimetengenezwa kwa kichwa chenye nywele laini na fupi. Mwanamke aliyesuka rasta nene au yeboyebo, mikanda ya nyuma huteleza na kupanda juu kila anapogeuka, na ifikapo alfajiri maski imekaa upande. Wagonjwa wamegundua kwamba kofia ya kulalia yenye kitambaa kisichoteleza, ikivaliwa kwanza na mikanda ikapita juu yake, hutulia hadi asubuhi. Kitambaa cha satini huteleza, kwa hiyo anayekipenda kwa ajili ya nywele zake ashone vipande viwili vya pamba pale mikanda inapopita. Mwenye ndevu hatapata mzibo mzuri kwa maski inayofunika pua na mdomo. Aanze na maski yenye vijipira laini vinavyokaa puani. Mafuta ya kujipaka usiku nayo huharibu kazi. Silikoni huteleza juu ya ngozi yenye mafuta mazito ya mgando, kisha hulainika mapema. Uso uoshwe kwa sabuni na ukaushwe, mafuta yapakwe asubuhi au mbali na mstari wa maski.

Halafu chandarua. Hakuna kitabu cha maelekezo cha mashine tulichokiona kinachozungumzia chandarua, na kwetu hapa hakiepukiki. Mpira wa hewa ukipitishwa pembeni ya kitanda huinua pindo la chandarua, mbu wanaingia, mgonjwa anachagua kinga ya malaria na kuacha CPAP. Njia inayofanya kazi ni kuweka mashine nje, kwenye stuli iliyo chini ya usawa wa godoro, kupitisha mpira chini ya pindo upande wa kichwani, kisha kulikandamiza pindo chini ya godoro pande zote mbili za mpira. Ndani, mpira ufungwe kwa utepe kwenye ubao wa kichwani ukiacha kipande kirefu cha kutosha kugeukia. Na chumbani kwenye mashine pasichomwe dawa ya mbu ya duara, udi wala ubani. Mashine huvuta hewa ya chumba kama ilivyo, na moshi huo utapita kwenye chujio hadi mapafuni usiku kucha.

Jinsi ya kukaza maski ndilo somo ambalo tungependa lifundishwe mbele ya macho, kwa sababu maelezo ya mdomo hayatoshi. Mgonjwa alale chali, si akae kwenye kiti. Mashine iwashwe kwenye msukumo wa matibabu, si ule wa kuanzia. Mikanda ilegezwe, maski ivutwe mbele kidogo ili ukingo wa silikoni ujae hewa, irudishwe taratibu, kisha ikazwe mikanda ya juu, halafu ya chini, kila upande sawa. Ageuke kulia, ageuke kushoto. Ikivuja, asikimbilie kukaza. Ukingo uliobanwa sana hukosa nafasi ya kujaa hewa, hukunjamana, huvuja zaidi, na kuacha kidonda juu ya mfupa wa pua. Wengi wetu tulioona vidonda hivyo tunajua kwamba maski ilikuwa kubwa mno, na mikanda ikakazwa kufidia ukubwa.

Upande wa pili, wapo wagonjwa wanaosoma skrini ya mashine asubuhi na kufurahi kuona AHI 2, ilhali kichwa kinawauma na mchana wanasinzia. Hapa fundi ana la kufundisha. AHI haina maana ikitenganishwa na uvujaji. Hewa ikivuja sana mashine hushindwa kutambua mikatiko, na huiandika michache kuliko ilivyo. Kwenye mashine za kampuni ya ResMed mpaka wa kuangalia ni lita 24 kwa dakika. Mstari wa uvujaji kwenye ripoti ukikaa juu ya hapo kwa muda mrefu, namba ya AHI ya usiku huo isiaminiwe. Kisha kuna aina ya mikatiko. Ile ya koo kujifunga hupungua msukumo ukiongezwa. Ile inayotokana na ubongo kutotuma amri ya kuvuta pumzi haitibiwi kwa kuongeza msukumo, na kwa baadhi ya watu huzidi. Anayejiongezea sentimita 2 kila wiki kwa sababu rafiki yake alifanya hivyo anaweza kujiharibia. Tumbo kujaa hewa asubuhi ni ishara nyingine. Hewa inamezwa, na fundi ataangalia kama msukumo wa juu umezidi, kama kuna uvujaji unaoifanya mashine ipande bila sababu, au kama kuinua upande wa kichwani wa kitanda kunasaidia.

Ripoti hizi zimo ndani ya kadi ndogo ubavuni mwa mashine, na hapa ndipo tunapopoteza mengi. Katika mashine nyingi taarifa za kina za kila pumzi huhifadhiwa kwenye kadi pekee; kadi isipokuwepo unabaki muhtasari. Wagonjwa huambiwa wasiiguse, wengine wameitoa na kuitumia kwenye simu. Tunaomba mgonjwa apewe haki ya kuona na kupata nakala ya ripoti yake pamoja na karatasi yenye mipangilio: aina ya mashine, kima cha chini na cha juu, kianzio, aina na saizi ya maski. Programu ya bure iitwayo OSCAR husoma kadi za mashine nyingi kwenye kompyuta ya kawaida, kwa hiyo kliniki isiyo na uwezo wa kununua programu haina sababu ya kukosa ripoti. Kabla ya kuiingiza kadi kwenye kompyuta, kijiswichi chake cha pembeni kisukumwe kwenye kufuli ili kompyuta isiandike chochote juu yake, kisha kirudishwe.

Saa ya mashine ina mtego wake. Mashine nyingi huhesabu siku kuanzia saa 6 mchana hadi saa 6 mchana inayofuata. Mashine iliyoletwa kutoka California na saa yake haikubadilishwa hufikia saa 6 mchana ya kule wakati hapa ni saa 5 usiku kwa miezi ya Desemba, hivyo usiku mmoja hukatwa vipande viwili, na aliyelala kwa muda wa saa 7 anaonekana kana kwamba kila siku hutumia muda mfupi usioeleweka. Fundi anayesoma ripoti bila kumuuliza mwenye mashine ataandika kitu kisicho kweli. Vivyo hivyo mwezi wa Ramadhani. Mfungaji huvua maski kwa ajili ya daku, husali, hurudi kulala baada ya alfajiri bila maski, na hulala tena mchana. Akishauriwa avae maski kwa kila usingizi, hata ule wa mchana, saa zake hurudi. Bima zinazotaka kutumia kipimo cha Marekani cha saa 4 kwa usiku, kwa asilimia 70 ya siku ndani ya siku 30, zilijue hili kabla ya kumkatia mtu huduma.

Umeme tuuseme kwa namba. Mashine iliyozimwa joto la mpira na la tangi la maji linaloipa hewa unyevu hula takribani wati 10 hadi 30, kutegemea msukumo. Joto likiwashwa, matumizi hupanda mara kadhaa. Kwa wati 20 na usingizi wa saa 8 zinahitajika saa-wati 160. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 ina saa-wati 1,200, lakini betri ya risasi na asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600, na baada ya upotevu wa inveta zinatosha siku tatu. Anayewasha joto la maji kwenye betri hiyo hiyo anaweza kukosa umeme kabla ya usiku wa pili kwisha. Mashine nyingine hutaka volti 24, hivyo waya wa gari wa volti 12 haufai bila kibadilishio chake. Lebo ya adapta isomwe kwanza. Umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaoua adapta, na kifaa kile kile cha kulinda friji, chenye kuchelewesha kuwaka, huiokoa.

Maji ya tangi yanahitaji maelekezo ya eneo, wala si karatasi moja ya nchi nzima. Dar es Salaam na Tanga, chumba chenye feni na dirisha wazi kina unyevu wa kutosha, na wengi wanaweza kulala bila tangi. Mwenye kiyoyozi ndiye anayelalamika kwamba maji yanamwagika puani saa 9 usiku: hewa ya joto yenye unyevu imekutana na mpira uliopozwa, maji yakajikusanya. Apunguze kiwango cha unyevu, avalishe mpira soksi ya kitambaa cha khanga, na aweke mashine chini ya usawa wa kichwa. Njombe mwezi wa Julai hutokea hivyo hivyo bila kiyoyozi. Arusha na maeneo mengine yenye fluoridi na chumvi nyingi, maji ya kisima huacha ukoko mweupe tangini, na kuyachemsha hakuondoi chumvi. Yatumike maji yaliyokenekwa. Maji ya betri ya gereji hatuyashauri, kwa sababu hayakutengenezwa kwa ajili ya mtu kuyapumua na mengine yamechanganywa na asidi. Ukoko ulioshika huondolewa kwa siki sehemu 1 na maji sehemu 10. Jiki, maji ya moto sana na kuanika juani huiharibu silikoni. Sabuni laini, maji ya vuguvugu na kivuli vinatosha. Na kwa kuwa tumeitaja Njombe, iliyo karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari: mashine mpya hujirekebisha kwa mwinuko, lakini baadhi ya za zamani zina mpangilio wa mwinuko unaopangwa kwa mkono. Iliyopangwa Dar ikapelekwa huko hutoa msukumo pungufu.

Mashine zilizotumika, zinazotumwa na ndugu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba, ni msaada mkubwa na hatutaki zizuiwe. Tunataka zikaguliwe. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake, DreamStation za toleo la kwanza zikiwemo, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyomo ndani inaweza kumeguka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Joto kali na unyevunyevu, yaani hali ya hewa ya pwani yetu, vimetajwa kuwa vinaweza kuchangia, pamoja na vifaa vya kusafishia vya ozoni. Mashine za aina hiyo bado zinaweza kumfikia mgonjwa kwa mkono wa ndugu, na namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine ndiyo inayoamua. Tunaiomba TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, itoe matangazo ya namna hii kwa Kiswahili, yakiwa na picha ya mahali namba ilipo. Hatari nyingine ni mashine zinazofanana kwa sura. Ipo aina inayobadilisha msukumo pumzi kwa pumzi, iitwayo ASV. Utafiti wa SERVE-HF uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wa moyo ulioshindwa kazi, wenye uwezo wa kusukuma damu wa asilimia 45 au chini yake na mikatiko ya pumzi itokayo ubongoni, walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo walipoitumia. Mtu anaweza kuipokea akidhani ni CPAP ya kawaida. Kikao chetu cha mezani kingeibaini kwa kusoma lebo.

Kikao chenyewe tunakiona hivi. Wagonjwa wasizidi 10, mafundi wawili, saa mbili. Kitanda kimoja chenye mito, chandarua kimetundikwa. Aina tatu za maski, kila moja kwa saizi ndogo, ya kati na kubwa, zinazooshwa baada ya kila kujaribu. Kompyuta yenye kisoma kadi. Ripoti ya mtu ionyeshwe kwa wengine kwa ridhaa yake tu, na jina lifichwe. Wageni wakae karibu na wazoefu, kwa sababu swali la ndoa, la mwenza asiyetaka kulala na mtu mwenye mpira usoni, halimfikii fundi kwanza. Kila tatizo liandikwe kwenye daftari la kliniki pamoja na kilicholitatua, na nakala iende kwa mganga mkuu wa mkoa kila robo mwaka. Mpangilio wa msukumo haubadilishwi na mgonjwa mwenzake pale mezani. Hubadilishwa na fundi kwa maelekezo ya daktari.

Ili hayo yawezekane, bima ilipie maski na vichujio, si mashine pekee. Ukingo wa silikoni uliochakaa huvuja hata uufunge vipi, na kwa sasa mgonjwa huusubiri kutoka nje ya nchi huku mashine ya thamani kubwa imelala. Bohari ya Dawa iweke kingo za silikoni, mipira, vichujio na mikanda ya aina chache zilizokubaliwa, ili hospitali zisiagize moja moja. Mafunzo ya kazi ya usingizi yaingie katika vyuo vya afya, maana fundi akihamishwa leo, kliniki yake hufungwa.

Na wodini, mgonjwa wa CPAP aruhusiwe kulazwa na mashine yake, kuanzia usiku wa kwanza, hasa baada ya upasuaji na dawa kali za maumivu, ambazo hulegeza koo na kupunguza pumzi. Asiambiwe aiache nyumbani kwa kuwa kuna oksijeni. Oksijeni huongeza kiwango chake kwenye damu lakini haifungui koo lililojifunga, na namba nzuri kwenye kipima oksijeni cha kidoleni inaweza kumficha muuguzi mkatiko unaoendelea. Wauguzi wa wodi waalikwe kwenye kikao cha mwezi kwa zamu, wawili wawili. Tuko tayari kuwapokea kwenye kikao cha kwanza, na kufika hospitali yoyote itakayotuita kukipanga.

Wenu katika huduma,
Mafundi sanifu wa usingizi na watumiaji wa mashine za CPAP